Ukurasa wa Muhogo Mchungu

Newala, 21 Februari 2022

Shangazi Julia,

Shikamoo! Nakuandikia nimekaa sakafuni, maboksi yamenizunguka, mikono inanuka gundi ya vitabu vipya. Vimefika, shangazi! Vile nilivyoviomba mwaka jana mpaka nikavikatia tamaa. Leo asubuhi Dunstan, yule kondakta, kanishushia maboksi mlangoni pa chumba cha kusomea, akajishika kiuno: "Dada Upendo, safari ijayo agiza pamba."

Na hakuna hata kimoja cha sungura na fisi. Vyote ni vya mambo ya kweli, kama unavyopenda. Bado nacheka nikikumbuka siku ile stendi ya Masasi, nimetandaza vitabu juu ya turubai, ukaja umejifunga kanga kiunoni ukanifokea: "Binti, huna kitabu cha kweli hata kimoja? Hizi hadithi zote nazijua." Halafu ukaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Anselmo wa Newala. Ukakaa chini palepale. Ndivyo nilivyompata shangazi ambaye nyumbani kwetu jina lake halitajwi.

Sasa sikia. Kuna cha nyuki, kipo humu kwenye kifurushi. Kuna cha jua linavyopatwa. Kuna cha mawe, kinasema milima yenu ya Masasi zamani ilikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Babu Ladislaus, mlinzi mstaafu anayeshinda hapa kila siku, amekisoma, akakifunga, akaniambia, "Huyu mwandishi alikuwa amelewa." Kisha akaomba aende nacho nyumbani. Watoto wa darasa la pili wanagombania cha mwili wa binadamu. Wamegundua utumbo wa mtu ni mrefu kuliko mtu mwenyewe, basi sasa kila mtu mzima akipita wanamkodolea tumbo.

Baba bado hajui kwamba tunaandikiana. Simu yangu nyumbani inapokelewa na kila mtu, na wewe ukiongea kwenye simu huko kwako Lisekese nzima inasikia, kwa hiyo tuendelee hivihivi: barua ndani ya kitabu, Dunstan mpaka Masasi, bodaboda mpaka kwako. Anayejua ni kaka Gasper peke yake. Huwa ananiuliza, "Amejibu?" Nikimpa barua asome, hataki. Anaendelea kushona viatu vya watu.

Sitaki tuzunguke, shangazi. Nimezaliwa nikakuta miguu ya kaka imeshakakamaa, na nikakuta imeshasemwa kwamba wewe ndiye uliyemroga. Sikuwahi kuliamini hilo, na tangu nikujue ndiyo kabisa.

Niambie unataka kipi kingine kabla watoto hawajavimaliza kwa vidole vya maandazi.

Mwanao,
Upendo


Lisekese, 26 Februari 2022

Upendo mwanangu,

Marahaba. Cha nyuki nimekipata na nimeshagombana nacho. Eti nyuki akishakuuma anakufa yeye! Miaka yote nimekuwa nikimpa pole aliyeumwa, kumbe msiba uko kwa nyuki. Nilipousoma ukurasa huo jirani yangu Mama Yunusi alicheka mpaka akamwaga chai, na chai yenyewe ilikuwa yangu.

Kibarazani kwangu siku hizi hapatoshi. Jioni wanakuja watoto, nyuma yao wanakuja mama zao, wanajidai wamefuata watoto. Juzi kaja Mzee Majaliwa, mtu ambaye hata jina lake hajui kuliandika. Akasikiliza habari za minyoo ya ardhini mpaka mwisho, akasema, "Rudia pale kwenye kupumua." Nikarudia. Hawa watu wananiita Mwalimu, mwanangu, mimi niliyeishia darasa la saba. Nikipika wanakula, nikiumwa wananiletea maji. Akina mama wa kanisa kule Lulindi walinipokea nikiwa sina hata kandambili, nikakaa nao, kisha nikahamia hapa, na hapa hakuna anayejua niliondokaje Newala. Nataka ibaki hivyo mpaka nife.

Mvua imetugomea. Mahindi yamekauka yangali mafupi. Watu wanachimba muhogo ambao haujafikia wakati wake, na watoto wanaingia porini kuchimba mizizi ya ming'oko na vitu vingine ambavyo hata mimi sivijui. Kama kuna kitabu cha mimea ya kuliwa, cha mizizi hasa, nipe hicho kwanza. Nisije nikaambiwa Mwalimu alikuwa anasoma habari za jua huku watoto wanakula sumu.

Msalimie Gasper. Usimwongezee neno, msalimie tu.

Shangazi yako,
Julia


Newala, 2 Machi 2022

Shangazi!

Mungu wangu! Mungu wangu! Sijui nianzie wapi. Leo ni Jumatano ya Majivu, nina majivu bado kwenye paji la uso.

Ulitaka cha mizizi. Kipo, kipya kabisa, kina picha za rangi. Nikasema ngoja nikipitie kidogo kabla sijakifunga. Viazi vitamu, magimbi, ming'oko, nageuza tu kurasa huku natabasamu. Nikafika kwenye muhogo. Kuna watoto wamesimama na fimbo, magoti yamegongana, visigino havigusi chini. Shangazi, ni miguu ya kaka Gasper! Ileile! Nimepiga ukelele mpaka Babu Ladislaus kaangusha miwani. Akaja akachungulia, akasema, "Huyu Gasper walimpiga picha lini?"

Nakunakilia maneno yenyewe, kitabu kizima kimo humu ndani utaona:

"Muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo hupungua muhogo ukilowekwa na kuanikwa kwa siku za kutosha. Wakati wa njaa watu hulazimika kuifupisha kazi hiyo. Mtoto akila muhogo huo siku hadi siku, bila samaki wala maharage ya kuusaidia mwili wake, anaweza kuamka asubuhi miguu yake yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huu huitwa konzo. Hauambukizwi, hauendelei kuzidi, na hauponi."

Umesikia? Kuamka asubuhi! Si ndivyo wanavyosimulia? Alilala mzima, akaamka hawezi kusimama, na baba akakimbilia kwa mganga, na mganga akasema tafuteni mwanamke wa ukoo asiye na mtoto. Na mwaka ule ulikuwa wa njaa, kila mtu hapa anasema. Hakuna uchawi, shangazi. Hakukuwa na uchawi hata siku moja! Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Watoto wote kwenye chumba wameacha kusoma wananitazama mimi.

Namwonea huruma mama yangu, Mungu ampumzishe. Atakuwa alipika kwa haraka kama wanawake wengine wote mwaka ule, angejuaje? Bora hakuishi kuusoma ukurasa huu.

Nimebaki na nakala ya pili. Jumapili baada ya misa nampa baba aisome kwa macho yake. Atakuomba msamaha, utaona. Utapanda gari kuja Newala mchana kweupe, na mimi nitakupokea stendi kwa vigelegele.

Mwanao,
Upendo


Lisekese, 5 Machi 2022

Upendo,

Usimwonyeshe baba yako kitabu hicho. Kama hujamwonyesha, kifiche. Akikuuliza, sema kimerudi kilikotoka.

Barua hii nimempa kijana wa bodaboda, nimemwambia asimpe mtu yeyote isipokuwa Dunstan. Mengine nitakuandikia nikiweza. Sasa hivi siwezi.

Julia


Newala, 8 Machi 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana Jumatatu. Nilishamwonyesha.

Nakueleza kama ilivyokuwa, sitaki nipunguze. Tulikuwa uani, mimi, baba na kaka Gasper. Baba akavaa miwani, akafuatisha mistari kwa kidole, akatazama picha, akarudi mwanzo akasoma tena. Akavua kofia. Nikajua sasa analia. Nilishaanza kupiga magoti nimshike mkono. Akasema polepole kabisa, "Mwaka ule nani alikuwa anapika nyumba hii?"

Nikasema, "Si mama?"

"Mama yako alikuwa amelazwa hospitali, wewe uko tumboni. Mimi nilikuwa Masasi natafuta kibarua. Aliyekuwa anapika ni Julia. Asubuhi Julia, jioni Julia." Akaupiga ukurasa kwa kiganja, paa! "Niliwaambia ni yeye! Watu wakasema mganga amenilia hela zangu. Haya, na kitabu nacho nimekihonga?"

Jamani, shangazi. Kitabu kilekile! Maneno yaleyale! Nikamwambia, baba, soma tena, kinasema njaa, hakisemi mtu. Hanisikii. Kaka Gasper alichukua fimbo yake, akainuka, akaondoka bila kumtazama yeyote kati yetu. Kibanda chake cha viatu kimefungwa mpaka leo.

Sasa baba anatembea nacho. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba changu cha kusomea, leo ana kitabu kwapani, anakipeleka kwa ndugu mmoja baada ya mwingine, anawasomea kwa sauti. Watu wanakuja kwangu kuniuliza, "Na sisi tuonyeshe ule ukurasa wa Julia." Ndivyo wanavyouita. Miaka yote nimekuwa nikiwaomba watu waje wasome, na sasa wamekuja kwa hilo.

Nilitaka kukusafisha, nimekupaka tope jipya. Lakini nakuuliza, maana silali: ni kweli? Ulikuwa ni wewe unayepika? Mbona hukuniambia hata siku moja kwamba uliishi nyumba hii, ulimlea kaka?

Nisamehe kwa kuuliza. Nisamehe kwa yote.

Upendo


Lisekese, 15 Machi 2022

Upendo mwanangu,

Marahaba. Futa machozi kwanza, kitabu nilikiomba mwenyewe.

Ni kweli. Nilipika mimi.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa sina haja. Nilijua sikumroga, basi, mengine yalikuwa mambo ya jikoni. Nani anasimulia ugali? Mama yako alipelekwa hospitali damu ikiwa inamtoka, wakaniita nije nikae na mtoto. Baba yako akashuka Masasi. Nikabaki mimi na Gasper na shamba la muhogo mchungu ambao nguruwe wa porini walikuwa wameuacha. Samaki hatukumwona. Maharage tulishakula mpaka mbegu.

Mtoto alikuwa analia njaa, Upendo. Si kulia kwa kudeka. Alikuwa analia mpaka sauti inakatika, anabaki anafungua mdomo tu. Mama yetu alinifundisha kuloweka na kuanika, nilikuwa najua kabisa. Alisema usipofanya hivyo mtu atatapika. Hakusema miguu! Hakuna aliyesema miguu! Basi nikawa namenya asubuhi, natwanga ukiwa mbichi, natandaza unga juu ya bati, jioni nasonga. Nilikuwa natazama kama atatapika. Hakutapika. Nikasema, Mungu ametuonea huruma. Kila mtu mtaani alikuwa anafanya hivyo.

Na mimi nilikuwa nachukua tonge mbili, tatu, halafu namsukumia sahani. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita. Ningekuwa mchoyo, ningekula sawa na yeye, labda leo anacheza mpira. Nilimpa yeye kwa sababu nilikuwa nampenda kuliko nafsi yangu.

Walinitoa Newala kwa mawe, huo ndio ukweli. Baba yako hakurusha, lakini alisimama mlangoni. Nikashuka mteremko ule peku, damu inanitoka sikioni, na nilikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia: Mungu anajua sikumgusa yule mtoto. Nimekishikilia hicho miaka yote. Nikilala nacho, nikiamka nacho. Sasa nimeusoma ukurasa wako mpaka karatasi imelegea. Tuhuma ya uchawi imenitoka, nakubali. Lakini nilichokuwa nakishikilia nacho kimeondoka. Nimekaa kitandani nikatazama mikono yangu, nikaogopa kuosha hata vyombo.

Nilitaka kukichoma. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshakishika juu ya jiko la mkaa. Ndipo nikasikia kinu cha Mama Yunusi upande wa pili wa ua. Nikachungulia. Muhogo mbichi, mchungu, umemenywa leo, na bati limeshawekwa juani. Yunusi amekaa pembeni, ana umri uleule aliokuwa nao Gasper mwaka ule, analia vilevile.

Nikazunguka na kitabu. Nikamwambia, usimpe huo. Akacheka. "Mwalimu nawe! Juzi nyuki, leo muhogo? Mababu zetu wamekula nini?" Nikamwonyesha picha. Akasema hao ni watu wa nchi nyingine, akaendelea kutwanga. Nikaona kitabu peke yake hakitamshawishi. Nikakaa chini mchangani nikamwambia. Gasper. Bati. Sahani. Nikamwambia na mganga, na mawe, na jina walilonipa Newala, maana angeniuliza umejuaje, na wewe mbona uko huku peke yako. Nilisema yote. Akaweka mchi chini. Alinitazama, Upendo, kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kitanda cha mtoto.

Muhogo ule aliutumbukiza kwenye maji, akauloweka. Nimeona kwa macho yangu, na nyumba nyingine nazo naona ndoo zimejaa muhogo unalowekwa. Namshukuru Mungu kwa hilo, Yunusi anakimbia.

Lakini kibarazani kwangu hakuna mtu. Jioni navipanga vitabu kama kawaida, cha nyuki, cha minyoo, nakaa navyo. Mama Yunusi amerudisha bakuli langu, kaliacha nje, hakubisha hodi. Mzee Majaliwa anapita upande wa pili wa njia. Watoto wameambiwa wasipokee kwangu hata karanga. Nusu wanaogopa uchawi wangu, nusu wanaogopa chungu changu, na hakuna atakayekula tena kwangu. Niliyokuwa nayaficha yamenifuata mpaka huku, na safari hii nimeyaita kwa mdomo wangu.

Sijutii. Nasema tu kwamba inauma.

Barua hii mpe Gasper. Yote. Safari hii asikatae.

Julia


Newala, 25 Machi 2022

Shangazi Julia,

Shikamoo. Mimi Gasper. Si mtu wa barua, kazi yangu ni soli, kwa hiyo nikienda kombo utanisamehe.

Nilikuwa sisomi barua zako kwa sababu niliogopa. Upendo alidhani nina hasira, akawa ananibembeleza. Niliogopa kwamba siku moja nitafungua nikute umeandika, ndiyo, ni mimi. Basi nimefungua na nimekuta. Nimekaa nayo kibandani na mlango nimefunga, nikisubiri nikuchukie. Nimesubiri sana. Chuki haikuja.

Kilichokuja ni kingine, na kimenishtua mpaka sasa hivi nikishika sindano najichoma. Watu wa rika langu hapa Newala wakikaa, kila mmoja ana habari yake ya mwaka ule. Mmoja alikula maganda. Mwingine alimwona bibi yake anafunga kamba tumboni. Mimi nakaa kimya, sina cha kusema. Sikumbuki njaa. Nilidhani ni kwa sababu miguu ilifuta mengine yote. Nakumbuka ugali wa moto, nakumbuka mtu ananiambia "maliza", nakumbuka nimelala nimeshiba. Shangazi, mwaka ule! Nani alilala ameshiba mwaka ule? Mpaka nilipofika pale ulipoandika sahani, ndipo nikajua kwa nini sina habari ya njaa. Ulikuwa nayo wewe. Niliweka barua chini nikalia kama mtoto, mteja akasimama nje anagonga anadhani nimefiwa.

Miguu nimeizoea. Hilo la sahani sikulijua, na ndilo lililonitoa machozi.

Juzi baba aliwakusanya ndugu nyumbani awasomee tena. Nikamwomba kitabu. Nikawasomea kuanzia pale anapoparuka yeye, kwenye neno njaa. Nikamwuliza mbele yao, baba, mwaka ule nyumba hii ilikuwa na unga mwingine ambao shangazi aliuficha? Nikamwuliza, wewe kule Masasi ulikuwa unakula nini? Akasema, kwa mama ntilie, wali na maharage. Alisema mwenyewe, halafu akasikia alichosema. Ndugu mmoja akavaa viatu akaondoka, mwingine akamfuata. Tangu siku ile baba analala tu, anakula kidogo, hasemi na mimi. Upendo anatumaini atakuja kukuomba msamaha. Mimi namjua baba, nakuambia usikae unasubiri.

Mimi sina msamaha wa kukupa, maana sioni nilichokosewa. Usiniombe, utanitia aibu.

Ila umeandika hakuna atakayekula tena kwako, na hapo ndipo nilipoanza kufunga mzigo. Dunstan anakuja na barua hii leo, na mimi nakuja kesho Jumamosi, ameniwekea kiti cha mbele kwa ajili ya miguu. Leo hii ukishasoma, toa muhogo mchungu, menya, loweka. Uache kwenye maji kama kitabu kinavyotaka, uanike mpaka ukauke kweli, mimi sina haraka. Nimebeba sindano na nyuzi zangu, Lisekese nako watu wanavaa viatu. Nitakaa kwako mpaka ukauke.

Ukikauka, twanga, songa ugali, utoe nje kibarazani mchana, wakati watu wanapita. Mama Yunusi apite, Mzee Majaliwa apite. Nitakaa hapo na miguu yangu hii wanione vizuri, nile chote, halafu nikusogezee sahani uniongeze.

Mwanao,
Gasper